Mishipa ya Fahamu Inapovuliwa Ganda

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za umeme anajua kwamba waya wa shaba peke yake haufai kupeleka umeme nyumbani. Sharti uvikwe ganda la mpira au la plastiki. Katika mwili wa binadamu nako kuna nyaya zilizovikwa ganda. Nazo ni nyuzi za fahamu, ambazo hupeleka habari za macho, mikono na miguu hadi kwenye ubongo, kisha hurudisha amri za ubongo kwenye misuli. Ganda la nyuzi hizo huitwa mayelini. Yako magonjwa kadhaa yanayoliharibu ganda hilo, na ulio mashuhuri kuliko yote madaktari huuita maltipo sklerosisi, maana yake makovu mengi. Aghalabu huandikwa kwa herufi mbili tu, M.S.

Shirikisho la kimataifa la vyama vinavyoshughulikia ugonjwa huo lilikadiria mwaka 2020 kwamba watu milioni 2.8 duniani walikuwa nao. Wengi huanza kuugua wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, wakati wa kusoma, kuajiriwa na kulea watoto, na idadi ya wanawake ni zaidi ya maradufu ya idadi ya wanaume. Katika Afrika ya Mashariki ugonjwa huu ni wa nadra. Uchache wake huo ndio hatari ya kwanza kwa yule anayeupata, kwa sababu daktari hatafuti kitu ambacho hakimjii akilini.

Kazi ya mayelini

Katika ubongo na uti wa mgongo, mayelini hutengenezwa na seli maalumu ambazo hunyoosha mikono yao na kuizungusha kwenye nyuzi za fahamu, tabaka juu ya tabaka, kama bendeji inavyozungushwa kwenye kidole. Seli moja huweza kuhudumia nyuzi nyingi kwa mara moja. Sehemu kubwa ya mayelini ni mafuta, na ndiyo sababu sehemu za ubongo zenye nyuzi nyingi huonekana nyeupe.

Mfano wa waya, hata hivyo, una kasoro moja ambayo mwalimu yafaa aionyeshe darasani. Habari katika uzi wa fahamu haitiririki kama umeme katika shaba. Ni wimbi la chembe zenye chaji, hasa za sodiamu na potasiamu, zinazoingia na kutoka kupitia utando wa uzi. Pale ambapo hakuna mayelini, wimbi hilo hulazimika kutambaa hatua kwa hatua juu ya utando wote. Penye mayelini, wimbi huruka. Ganda lina mapengo madogo ambayo Mfaransa Louis Ranvier aliyaeleza katika karne ya 19. Habari huruka kutoka pengo hadi pengo, na katika kila pengo hutiwa nguvu upya.

Tofauti yake ni kubwa. Uzi mnene wenye mayelini huweza kupeleka habari kwa kasi ya hadi mita 100 hivi kwa sekunde. Uzi mwembamba usio na ganda hupeleka kwa kasi ya mita moja au mbili tu. Tuseme kuna safari ya mita moja, kutoka mwisho wa uti wa mgongo hadi kidole cha mguu. Katika hali ya kwanza habari hufika kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na katika hali ya pili huchukua nusu sekunde au zaidi. Mtu anayekimbia uwanjani amekwisha kukanyaga hatua nyingine kabla ya nusu sekunde hiyo kumalizika. Mjerumani Hermann von Helmholtz alikuwa wa kwanza kuipima kasi hii, mwaka 1850, akitumia mshipa na msuli wa chura. Kabla ya hapo wataalamu wengi walidhani kwamba ni kasi kubwa mno isiyoweza kupimika.

Kinga inayomgeukia mwenyewe

Katika ugonjwa wa M.S., chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huvuka ukuta unaoutenga ubongo na damu na kuishambulia mayelini kana kwamba ni adui aliyeingia kutoka nje. Mahali paliposhambuliwa huvimba. Habari zinazopita hapo huchelewa au hupotea, na wakati mwingine huzuka habari za uongo ambazo hakuna kiungo kilichozituma. Baada ya wiki kadhaa uvimbe hupungua, na kovu gumu hubaki. Makovu hayo yalikwisha kuchorwa na madaktari waliopasua maiti mapema katika karne ya 19, lakini Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris ndiye aliyeyaunganisha waziwazi na dalili za wagonjwa walio hai, mwaka 1868, na kuupa ugonjwa jina.

Jambo linalowatatanisha wagonjwa na jamaa zao ni kwamba dalili huondoka. Mtu aliyeshindwa kutembea mwezi wa Machi huweza kuonekana akicheza ngoma mwezi wa Juni. Hii ni kwa sababu uvimbe umetulia, uzi uliovuliwa ganda umejifunza kwa kiasi fulani kupitisha habari bila ganda, na baadhi ya seli zimetengeneza mayelini mpya, ingawa nyembamba kuliko ya awali. Lakini kila shambulio huua pia baadhi ya nyuzi zenyewe, na uzi uliokufa katika ubongo haurudi. Kwa wagonjwa wengi, baada ya miaka mingi ya kuugua na kupona, nafuu hupungua na udhaifu huwa wa kudumu. Wako wachache, kama mmoja katika kila kumi hadi saba, ambao hawapati vipindi vya nafuu tangu mwanzo. Miguu yao hudhoofika polepole tu.

Dalili hutegemea mahali palipoumizwa. Mara nyingi huanza na jicho moja: mgonjwa huona ukungu, rangi nyekundu hufifia, na jicho huuma linapogeuzwa. Wengine huanza na ganzi inayopanda kutoka miguuni hadi kiunoni, au kuona vitu viwili viwili, au kuyumba wakati wa kutembea. Wengine, wakiinamisha kichwa, husikia kama umeme unashuka mgongoni. Kushindwa kuzuia mkojo ni dalili ambayo wengi huificha kwa aibu, hata mbele ya daktari. Na uko uchovu, ambao haufanani na uchovu wa mtu aliyelima kutwa. Mgonjwa huamka nao asubuhi. Huyu ndiye ambaye majirani humwita mvivu, au husema amerogwa, maana leo yu hoi na kesho ni mzima.

Dalili moja inahusu hasa nchi za joto. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza wagonjwa ambao macho yao yalififia kila walipofanya kazi ngumu ya mwili. Baadaye ilifahamika kuwa sababu ni joto. Uzi uliovuliwa ganda hufanya kazi kwa shida, na joto la mwili likipanda kidogo tu, hata nusu ya digrii, hushindwa kabisa kupitisha habari. Mtu akipoa, uwezo hurudi. Joto hilo halileti kovu jipya, lakini mgonjwa anayetembea juani Dar es Salaam saa nane za mchana atadhani kuwa ugonjwa umerudi upya.

Mahali pawili, nyakati mbili

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kusema kwamba mtu huyu ana M.S. Daktari huutambua ugonjwa kwa kuthibitisha mambo mawili: kwamba mishipa ya fahamu imeumizwa katika sehemu zaidi ya moja, na kwamba imeumizwa katika nyakati zaidi ya moja. Jicho la kushoto mwaka juzi na miguu mwaka huu ni mahali pawili na nyakati mbili. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa masharti yaliyokubaliwa kimataifa mwaka 2001 chini ya uongozi wa Ian McDonald, na ambayo yamerekebishwa mara kadhaa tangu hapo.

Mfano bora wa kanuni hii umo katika shajara ya mtu ambaye hakuwahi kulijua jina la ugonjwa wake. Augustus d'Este, mjukuu wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, alizaliwa mwaka 1794. Mwishoni mwa mwaka 1822, baada ya mazishi ya jamaa yake huko Scotland, macho yake yaliingia ukungu hata akashindwa kusoma barua zake. Akapona bila dawa. Mwaka 1827, akiwa Florence nchini Italia, alianza kuona vitu viwili viwili, kisha miguu ikaishiwa nguvu, nayo ikarudi. Baadaye zikafuata ganzi, taabu ya mkojo, mkongojo na hatimaye kiti cha magurudumu. Madaktari walimwagiza ale nyama mara mbili kwa siku na kunywa mvinyo. Wengine walimsugua dawa, wengine walimtia umeme. Alifariki mwaka 1848. Miaka mia moja baadaye shajara hiyo ilichapishwa, na kila daktari aliyeisoma aliweza kuutaja ugonjwa, ingawa hapakuwa na picha wala kipimo hata kimoja. Tarehe na viungo vilitosha.

Siku hizi kuna misaada ambayo d'Este hakuipata. Mashine ya kupiga picha kwa nguvu ya sumaku, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa hawa mjini London mwaka 1981, huonyesha makovu ndani ya ubongo hata yale ambayo hayajaleta dalili yoyote. Maji ya uti wa mgongo hutolewa kwa sindano na kuchunguzwa kama yana kingamwili zinazotengenezwa ndani ya ubongo wenyewe. Huweza pia kupimwa muda ambao habari ya jicho hutumia kufika nyuma ya ubongo, na hapo somo la Helmholtz hurudi kuwa kazi ya kila siku ya hospitali. Mashine za sumaku zimo katika hospitali kubwa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, lakini mabingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache na safari kutoka wilayani ni ndefu. Kwa hiyo mgonjwa anayekumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita jicho lake liliingia giza kwa wiki tatu amemletea daktari habari yenye thamani kubwa, na daktari asiyeuliza huikosa.

Magonjwa yanayofanana

Katika Afrika ya Mashariki miguu hudhoofika kwa sababu nyingi zinazotokea mara nyingi zaidi kuliko M.S. Kifua kikuu huweza kuivunja mifupa ya uti wa mgongo. Mayai ya kichocho huweza kukwama ndani ya uti huo. Kaswende, virusi vya UKIMWI na upungufu wa vitamini B12 navyo hudhuru mishipa ya fahamu. Mengi ya hayo yana dawa, na daktari humtendea mgonjwa haki anapoyatafuta kwanza.

Konzo ni mfano unaofundisha kwa kupingana na M.S. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, na ugonjwa wenyewe ulitokea pia wilayani Tarime, Tanzania, wakati wa ukame wa mwaka 1985, wakati watu walipokula muhogo mchungu usioondolewa sumu ya kutosha. Konzo humpata mtu kwa ghafula, mara nyingi siku moja, na hupooza miguu yote miwili kwa namna ile ile. Kisha hutulia hapo. Haiji na kuondoka, wala hairukii kiungo hiki mwaka huu na kingine mwaka ujao.

Ugonjwa unaofanana zaidi na M.S. ni ule unaoitwa nyuromailitisi optika, ambao hushika macho na uti wa mgongo kwa ukali mwingi na huonekana kwa uwiano mkubwa zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa aina ya M.S. Mwaka 2004 iligunduliwa kingamwili maalumu katika damu ya wagonjwa wengi wa aina hii, na hivyo magonjwa hayo mawili yakatenganishwa. Kuyatenganisha si suala la majina tu: baadhi ya dawa zinazomsaidia mgonjwa wa M.S., kama vile interferoni, huweza kumzidishia maradhi mgonjwa wa huu wa pili.

Kirusi kutoka Kampala

Kwa nini M.S. ni wa kawaida kaskazini na nadra karibu na Ikweta? Katika Kanada na Sweden wagonjwa ni zaidi ya 200 kwa kila watu 100,000. Katika sehemu zetu idadi ni ndogo sana, ingawa si sifuri. Mwaka 1989 wagonjwa wa Kenya walielezwa katika jarida la tiba la Afrika Mashariki. Urithi una sehemu yake. Utafiti wa mifupa ya kale uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba baadhi ya chembe za urithi zinazoongeza hatari zilipelekwa Ulaya ya kaskazini na wafugaji wahamiaji yapata miaka 5,000 iliyopita, na yumkini ziliwakinga na maradhi yatokanayo na mifugo. Lakini urithi hautoshi. Hata pacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi mwenziwe haugui. Aidha, nchini Uingereza iligunduliwa kwamba watoto waliozaliwa huko na wazazi kutoka Afrika, Bara Hindi na visiwa vya Karibi waliupata zaidi kuliko wazazi wao. Mahali mtu anapokulia pana neno.

Uchache wa jua la kaskazini, na vitamini D inayotokana nalo, umetajwa kwa miaka mingi. Ushahidi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, unahusu kirusi, na habari zake zilianzia Uganda. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza saratani ya taya iliyowapata watoto wa Kiafrika. Anthony Epstein, baada ya kumsikia akihutubia London mwaka 1961, aliomba apelekewe vipande vya uvimbe huo kwa ndege. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wamekiona kirusi kipya ndani ya seli hizo. Kirusi hicho, kiitwacho Epstein-Barr, kimo katika miili ya takriban watu wazima wote duniani, na wengi sana hakiwadhuru.

Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza matokeo ya uchunguzi wa damu iliyokuwa imehifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani, zaidi ya milioni 10, waliofuatiliwa kwa miaka 20. Kati ya wagonjwa 801 wa M.S. waliochunguzwa, ni mmoja tu ambaye damu yake ya mwisho kabla ya kuugua haikuwa na dalili ya kirusi hicho. Kwa wale walioambukizwa ukubwani hatari iliongezeka mara 32, hali virusi vingine havikuonyesha uhusiano huo. Mwaka huo huo wataalamu wengine walionyesha kwamba protini moja ya kirusi inafanana na protini moja ya ubongo, hata kingamwili iliyolengwa kwa ya kwanza huweza kuishika ya pili.

Swali linalofuata ni dhahiri: kama kirusi kimejaa Afrika, mbona ugonjwa haukujaa? Watoto wa Afrika huambukizwa mapema, wengi kabla ya kutimiza miaka mitatu, bila hata kuugua. Katika nchi tajiri wengi huambukizwa wakiwa vijana, na baadhi yao hupata homa kali ya tezi, na imethibitishwa kwamba vijana hao huwa na hatari zaidi ya M.S. baadaye. Huenda kinga iliyokutana na kirusi utotoni hukivumilia kwa amani zaidi. Maelezo hayo yanakubalika akilini lakini hayajathibitishwa kikamilifu, na yakiwa ya kweli, basi kadiri hali ya maisha mijini inavyobadilika na watoto wanavyochelewa kuambukizwa, hospitali zetu zitegemee wagonjwa zaidi.

Dawa na maisha

Shambulio jipya hutibiwa kwa steroidi nyingi za mshipani, kwa kawaida gramu moja ya methilprednisoloni kila siku kwa siku tatu hadi tano. Hiyo huharakisha nafuu, wala haizuii shambulio lijalo. Dawa ya kwanza ya kupunguza mashambulio yenyewe, interferoni beta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Tangu hapo zimefuata nyingi. Zenye nguvu zaidi ni zile zinazoondoa aina fulani ya chembe nyeupe za damu, na mojawapo, okrelizumabu, mwaka 2017 ilikuwa ya kwanza kuidhinishwa kwa wale ambao ugonjwa wao hauna vipindi vya nafuu. Zote hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, kabla nyuzi hazijafa. Hakuna inayoponya kabisa.

Bei yake ni kikwazo kikubwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni liliingiza kwa mara ya kwanza dawa tatu za M.S. katika orodha yake ya dawa muhimu, nazo ni kladribini, glatirama na rituksimabu. Hii ya mwisho ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na nakala zake zisizo ghali zinapatikana katika nchi nyingi. Katika nchi zetu mgonjwa hupimwa kwanza kifua kikuu, homa ya ini na virusi vya UKIMWI, kwa kuwa dawa inayolegeza kinga huweza kuyaamsha maradhi yaliyolala.

Zamani wagonjwa waliamriwa kulala kitandani. Sasa inafahamika kwamba mazoezi ya viungo ya mara kwa mara, mgonjwa asipopata joto jingi, hulinda nguvu na usawa wa mwili. Ugonjwa hauambukizwi kwa kukaa na mgonjwa au kula naye, na mzazi aliye nao hupata watoto ambao wengi mno hawataugua. Mwalimu mwenye M.S. hufundisha vizuri zaidi akipewa vipindi vya asubuhi kabla jua halijawa kali, darasa lisilo na ngazi, kiti karibu na ubao, na ruhusa ya kwenda msalani bila kuulizwa. Mwanafunzi mwenye ugonjwa huo huhitaji mambo hayo hayo, pamoja na muda zaidi katika mtihani ikiwa macho au mkono umeshikwa. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi na kuwekwa shingoni humrudishia wengi wao uwezo wa kusoma ubao katika dakika chache.